Makopo Yanayosomeka kwa Vidole

Ukiingia katika nyumba zetu nyingi utakuta kwamba sisi wanawake tunapenda kupamba. Kochi lina kitambaa chake kilichofumwa kwa mkono, redio ina chake, meza ina chake, na hata jagi la maji limefunikwa kitambaa chenye shanga pembezoni ili nzi asiingie. Tulifundishwa hivyo na mama zetu, nao walifundishwa na mama zao. Mgeni akifika huangalia vitambaa hivyo na kujua kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Lakini je, mapambo hayo yanamsaidia nini mtu wa nyumbani ambaye hawezi kuyaona? Swali hilo liliingia nyumbani kwetu hapa Korogwe mwaka 2021, mama mkwe wangu alipohamia kwetu. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kumnyang'anya karibu uwezo wake wote wa kuona. Daktari alitueleza wazi. Mtoto wa jicho huweza kuondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena, lakini presha ya macho huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone ni ya kulinda kile kilichobaki. Kwa mama kilichobaki kilikuwa mwanga tu. Aliweza kujua dirisha liko upande gani na mlango upande gani, basi.

Mama huyu si mtu wa kukaa bure. Alifanya kazi miaka mingi katika shamba la mkonge, akianika katani, na kwa kazi hiyo alilea watoto sita. Wiki ya kwanza aliyofika kwetu aliamka alfajiri, akapapasa njia hadi jikoni, akamtengenezea mwanawe chai kama zamani. Sukari na chumvi zilikuwa katika makopo mawili yanayofanana. Mume wangu alikunywa funda la kwanza, akanyamaza, akamaliza kikombe chote bila kusema neno. Lakini kijana wetu mdogo alitema, na bibi yake akasikia.

Tangu siku ile hakuingia tena jikoni. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango akisubiri kuletewa kila kitu. Nikimwuliza angependa kula nini, alijibu, "Chochote mtakachonipa, mwanangu." Ninyi mnaoishi na wazee mnayajua maneno hayo. Yanasikika kama upole, lakini ni ya mtu aliyeanza kujihesabu kuwa mzigo. Usiku mume wangu aliniambia, "Mama watoto, mama yangu anazimika." Nami niliona hivyo hivyo.

Vidole navyo vina macho

Siku moja binti yetu mkubwa alimpa bibi yake sare za shule zilizokauka amkunjie. Bibi alipitisha vidole kwenye blauzi, akasema, "Kifungo cha tatu hakipo, na hiki cha nne kimebaki uzi mmoja." Binti akaangalia, na kweli. Mimi niliyekuwa nimeifua na kuianika blauzi ile sikuwa nimekiona kifungo hicho.

Hapo tukaanza kuzungumza. Katika mkoa wetu huu wa Tanga, kule Lushoto, ipo shule ya wasioona ya Irente, ambako watoto husoma kwa nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka kwenye karatasi. Maandishi hayo yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809. Baba yake alikuwa fundi wa kushona matandiko ya farasi ya ngozi. Mtoto huyo alipokuwa na miaka 3 alijiumiza jicho kwa kifaa chenye ncha katika karakana ya baba yake, uambukizo ukaenea hadi jicho la pili, akawa kipofu. Mwaka 1829, akiwa na miaka 20, alichapisha mpango wake wa nukta sita. (Tukumbuke basi, akina mama, tunapofanya kazi hizi za mikono, kuweka sindano, misumari na mikasi mbali na watoto wadogo.)

Mama mkwe wangu hakutaka kujifunza kusoma upya katika umri wake. Lakini kama nukta zinaweza kubeba kitabu kizima, je, kifungo na kipande cha kamba haviwezi kubeba neno moja tu, kama "sukari"? Basi tukaamua kwamba katika nyumba yetu kila pambo litakuwa na jambo la kuuambia mkono.

Jinsi tulivyoyapamba makopo

Tulikusanya vile ambavyo kila nyumba inavyo: makopo ya maziwa ya unga na ya kahawa, ndoo ndogo za plastiki za siagi, vifungo vya mashati yaliyochakaa, na vipande vya kitenge ambavyo fundi cherehani alikuwa akivifagia. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hatukununua kitu isipokuwa gundi nyeupe ya seremala.

Kwanza, osha makopo kwa sabuni na uyakaushe juani. Tumia yale tu yaliyokuwa na chakula. Kopo la rangi au la dawa ya wadudu halifai hata ulioshe mara kumi. Mdomo wa kopo la bati ukiwa na makali, uugongegonge kwa nyundo ndogo kuingia ndani, kisha upitishe kidole taratibu kuhakikisha.

Pili, chumvi usiiweke kwenye bati. Huvuta unyevu na bati hushika kutu. Sisi tuliiweka katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko.

Tatu, chagua mguso wa kila kitu. Hapa ndipo mama mkwe wangu alipochukua kazi mikononi mwake. Alisema chumvi izungushiwe katani, kwa sababu chumvi ni kali na katani inakwaruza. Sukari ivalishwe kitambaa kilaini. Majani ya chai yapewe kifungo kimoja kikubwa, tangawizi ya unga vifungo viwili, na iliki vitatu. Mimi ningechagua kwa rangi. Yeye alichagua kwa maana, na hata watoto walishika mpango wake kwa siku moja.

Nne, weka alama kwenye ubavu wa kopo, wala si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana, hasa palipo na watoto, na kifuniko cha chumvi kikikaa juu ya sukari kazi yote imepotea. Vifungo tulivishona kwanza kwenye kipande cha kitambaa kwa uzi imara, halafu tukakibandika kitambaa hicho.

Tano, paka gundi nyembamba, zungusha kitambaa au kamba ukiikaza vizuri, na uache kopo kivulini usiku kucha. Asiye na gundi ya dukani anaweza kupika ya unga wa ngano, kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne vya maji, akikoroga hadi iwe nzito. Lakini gundi hiyo huvutia mende na huota ukungu penye unyevu, kwa hiyo aipake kidogo na aikaushe sana.

Kamba ya katani hatukununua. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche 1,000 aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na michache hiyo yakaota mashamba yaliyowalisha wengi wetu, akiwamo mama mkwe wangu. Jirani alituletea singa za katani, na mama akaketi chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaanza kuzisokota juu ya paja kama alivyokuwa akifanya msichana. Kamba ikatoka nyembamba na sawasawa. Watoto walikaa wakimtazama wakiwa kimya. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kwetu kumsikia akiimba.

Kila kitu na mahali pake

Kupamba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, nayo ndiyo ngumu, ni kurudisha. Kopo lililopambwa vizuri likiwekwa mahali pengine kila siku halimsaidii asiyeona. Tulipigilia rafu moja yenye urefu wa mita moja, kwenye kimo cha kifua chake, mbali na jiko kwa sababu kitambaa na katani hushika moto upesi. Makopo yamepangwa kwa mstari: chai, sukari, tangawizi, iliki, na chumvi peke yake mwisho kabisa. Kanuni ni moja: ukichukua, rudisha. Mume wangu, ambaye zamani alikuwa akiacha funguo popote, sasa ana kikopo chake cha kitenge kwenye msumari karibu na mlango, na hathubutu kukiruka, maana mama yake husikiliza mlio wa funguo zikiingia.

Kwa usalama, maji ya moto huwekwa na binti yetu katika chupa ya chai asubuhi. Kikombe hukaa ndani ya sinia yenye kingo, ili yakimwagika yasimfikie mapajani. Mama humimina taratibu akisikiliza sauti ya kikombe inavyobadilika kinapojaa.

Nguo kuukuu nazo zilipata kazi. Khanga moja iliyochakaa katikati lakini yenye pindo zima tuliikata, tukashona mifuko sita juu ya kitambaa kizito, tukaitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Mfuko wenye kifungo kimoja una kadi ya hospitali ya bibi, wenye viwili una vyeti vya kuzaliwa vya watoto, wenye vitatu stakabadhi za ada, na kadhalika. Zamani tukiitwa shuleni au hospitalini nyumba nzima ilipinduliwa. Siku hizi tunamwuliza bibi, naye huinuka na kututolea karatasi tunayoitaka.

Vitu visivyopambwa

Dada, yapo mambo mawili ninayotaka uyashike hata ukisahau mengine yote.

La kwanza, mafuta ya taa, dawa ya madoa na sumu ya panya havipambwi wala havikai jikoni. Usiviweke kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa kuwa mtoto, na hata mtu mzima asiyeona, huamini umbo la chupa. Sisi tumeviacha katika vyombo vyake vyenyewe, nje, ndani ya sanduku lenye kufuli. Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwa maana yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

La pili, dawa za hospitali usizihamishe kwenye chombo kingine, wala usifunike maandishi yake kwa kitambaa. Mama ana chupa mbili za matone. Ya asubuhi tumeivalisha mpira mmoja wa kufungia fedha, ya jioni miwili. Jina la dawa na tarehe ya kuisha vinaonekana bado kwa yule anayemsaidia.

Tena, presha ya macho haina maumivu mwanzoni katika watu wengi, na hufuata damu. Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake anayo, hasa akivuka miaka 40, anapaswa kupimwa macho hata kama anaona vizuri. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia mume wangu aende. Alipimwa, na kadi yake sasa iko katika mfuko wenye vifungo vinne, kwa sababu ameambiwa arudi kila mwaka.

Kwako wewe mama

Majirani wakija siku hizi huyasifu makopo yetu, na wawili wameomba kamba, naye mama amewasokotea. Lakini faida yake si uzuri. Kila alfajiri nasikia kikohozi chake jikoni, kisha kijiko kikigonga kikombe, na mwanawe hunywa chai yenye sukari. Na nikimwuliza angependa kula nini, sasa anajibu, "Leo nataka mlenda, na usizidishe chumvi kama juzi." Namshukuru Mungu kwa jibu hilo.

Labda nyumbani kwako hakuna asiyeona. Huenda yupo mzee anayesahau, au mtoto ambaye hajajua kusoma, au binti wa kazi aliyefika juzi na anaogopa kuuliza. Hao wote wanahitaji nyumba inayowaelekeza bila kuwaaibisha. Vifungo unavyo, na vipande vya kitenge unavyo. Lakini kabla hujachukua mkasi, keti naye kwanza, mwekee vitu hivyo mkononi kimoja kimoja, umwulize yeye: "Mama, hiki kiwe cha nini?"