Chicago: Kwenye Wilaya ya 13, Saini Inaweza Kukumaliza Kabla ya Kura

Wiki hii naomba tutoke kidogo nje ya Bongo. Tunakwenda Chicago, na si kule katikati ya mji kwenye maghorofa ya kupigia picha. Tunakwenda upande wa kusini, South Side, mitaa ya Hyde Park, Kenwood na South Shore, pembeni ya Ziwa Michigan. Mama mdogo wangu anaishi huko, kazi yake ni kutunza wazee, na Oktoba 2023 alinikatia tiketi nikamsalimie.

Kusema kweli nilikuwa na ajenda yangu. Nilitaka kuona mahali ambapo Barack Obama alianzia siasa. Nyumbani tumezoea kumwona kama aliyedondoka kutoka mbinguni moja kwa moja hadi Ikulu ya Marekani. Wakenya ndiyo usiseme! Baba yake alitoka Nyang'oma Kogelo, Siaya, na jamaa aliposhinda urais mwaka 2008 Kenya nzima ilipewa siku ya mapumziko, Novemba 6. Hata bia ya Senator huko ilibatizwa jina la Obama mtaani. Lakini useneta wenyewe ulianzia wapi?

Hapa kwanza tuelewane, maana wengi tunachanganya. Marekani kuna maseneta wa aina mbili. Wapo wale wakubwa wa Washington, wawili kwa kila jimbo. Halafu kila jimbo lina bunge lake, na karibu yote yana mabaraza mawili, isipokuwa Nebraska lenye moja tu. Seneti ya jimbo la Illinois ina viti 59 na inakaa Springfield, mji alioishi na kuzikwa Abraham Lincoln, kama kilomita 320 kutoka Chicago. Kila kiti kina wilaya yake ya uchaguzi. Ukigawa watu wa Illinois kwa hesabu ya mwaka 2020, kila wilaya inapata kama watu 217,000. Huyu ndiye seneta wa karibu, wa kushughulikia shule, magereza na kodi za jimbo. Obama alikuwa wa Wilaya ya 13.

Siku ya tatu tukapanda treni ya Metra kutoka mjini, ziwa likiwa kushoto muda mwingi. Tukashuka kituo cha mtaa wa 53. Jamani, upepo wa lile ziwa si mchezo! Mama mdogo alinicheka: "Mwanangu, hii bado. Ungekuja Januari ungelia."

Hyde Park ni mtaa wa ajabu kidogo. Kuna Chuo Kikuu cha Chicago, kilichoanzishwa mwaka 1890, majengo ya mawe yamefunikwa na majani kama ya sinema. Obama alifundisha sheria hapo. Tembea dakika chache unakutana na vinyozi, makanisa, na vijana wamekaa barazani kama kwetu Kinondoni. Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago aliyechaguliwa mwaka 1983, aliishi hapa. Muddy Waters, mkali wa bluzi, alikuwa na nyumba Kenwood. Kuna hata kasuku wa kijani walioanza kujenga viota miaka ya 1970, katika mji wa barafu! Sherehe ya harusi ya Barack na Michelle, Oktoba 1992, ilifanyika South Shore, kwenye jumba moja la ziwani.

Tukaingia Valois kula. Ni mgahawa wa tangu mwaka 1921, unapanga foleni na trei yako, unaona chakula kinavyopikwa, unaonyesha kwa kidole. Obama alikuwa mteja, na wameandika ukutani vyakula anavyovipenda. Nikaagiza mayai na nyama, nikajiona na mimi mheshimiwa.

Tulipotoka ndipo mambo yalipoanza.

Dada mmoja wa makamo alinisimamisha mkononi ana ubao wa kuandikia na kalamu. Akanieleza haraka haraka kwamba mgombea fulani anahitaji saini ili jina lake liingie kwenye karatasi ya kura ya mchujo, Machi 2024. Mimi nani nikatae? Mtoto wa watu kaniomba kwa tabasamu. Nikashika kalamu. Akaniuliza kama nimejiandikisha kupiga kura mtaa huu. Nikamwambia mimi mgeni, natoka Tanzania. Akanipokonya kalamu kama ninaiba!

Mama mdogo akacheka hadi machozi. Tulivyotembea kuelekea ziwani ndipo nikaanza kuunganisha na yale niliyoyasoma kabla ya safari. Nikamsimulia, na naomba nikusimulie na wewe.

Mwaka 1995 seneta wa Wilaya ya 13 alikuwa mama mmoja anayeheshimika, Alice Palmer. Alitaka kupanda ngazi, akagombea kiti cha Bunge la Washington kilichokuwa wazi. Kiti chake cha Springfield akamuunga mkono kijana mwanasheria, Obama, aliyetangaza nia Septemba 1995 kwenye hoteli moja hapo hapo kando ya ziwa. Novemba 28 Palmer akashindwa na Jesse Jackson Jr., akawa wa tatu. Wafuasi wake wakamtaka arudi kutetea kiti chake cha zamani. Obama akagoma kujitoa.

Sasa sheria ilitaka saini 757 za wapiga kura wa wilaya. Palmer alikuwa na siku chache tu, akakusanya 1,580 na kuzipeleka siku ya mwisho, Desemba 18. Unaona ni mara mbili ya zinazotakiwa, mchezo umekwisha. Wapi! Watu wa Obama walikwenda kwenye tume ya uchaguzi ya mji, wakakaa na daftari la wapiga kura, wakapitia jina moja baada ya jingine. Huyu anaishi nje ya wilaya. Huyu hayumo daftarini. Huyu kaandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini. Zilipochujwa, Palmer akapungukiwa kama 200. Januari 1996 akajitoa. Walikuwepo wagombea wengine watatu, nao wakang'olewa kwa njia hiyo hiyo. Mmoja wao, Gha-is Askia, alipungukiwa saini 69 tu!

Machi 19, 1996, wanachama wa Democratic wa Wilaya ya 13 wakafungua karatasi ya kura, wakakuta jina moja. Na kwa kuwa South Side ni ngome ya Democratic, ukishinda mchujo umeshinda. Novemba alipata kama asilimia 82. Ndivyo alivyoanza.

Msomaji wangu, hapo nilinyamaza kidogo, na nitakwambia kwa nini.

Mwaka 2019 mshikaji wangu wa toka sekondari aligombea ujumbe wa serikali ya mtaa. Tulizunguka naye nyumba kwa nyumba, jioni tukinywa kahawa ya kibarazani na wazee. Siku majina yanabandikwa, lake halipo. Ofisi moja, sitaitaja, ikasema kakosea kujaza fomu: kafupisha neno. Basi. Alikata rufaa, hakuna aliyemfungulia faili amwonyeshe. Toka siku ile mshikaji hataki hata kusikia neno kura. Na ukutani kwake, tangu tukiwa shule, kuna picha kubwa ya Obama.

Kwa hiyo shujaa wetu na yeye aliwakata watu majina?

Nilijaribu kumtetea. Mwaka 2007 waandishi walipomuuliza, alisema walifuata sheria zilizokuwepo. Ni kweli. Na tofauti ipo: Chicago fomu ya mgombea inawekwa wazi, yeyote anaweza kuikagua, pingamizi linasikilizwa mbele ya watu, na saini inakataliwa moja moja kwa sababu inayotajwa. Mshikaji wangu hakupata hayo. Lakini matokeo kwa mpiga kura? Yule bibi wa South Shore aliyetaka kumpa Palmer kura yake mwaka ule hakuwa na mahali pa kumpa.

Na wilaya yenyewe haikumpa Obama mteremko kila siku. Mwaka 2000 alimpinga Bobby Rush, mbunge aliyewahi kuwa Black Panther, akala mweleka wa haja: asilimia 61 kwa 30. Halafu mwaka 2001 ramani za wilaya zikachorwa upya. Vyama vilikwama, na sheria ya Illinois ikikwama inataka bahati nasibu. Jina la mjumbe wa kuvunja sare likachomolewa kwenye kofia ndefu ya mfano wa ile ya Lincoln! Democratic wakapata. Wilaya ya 13 ikavutwa kaskazini kando ya ziwa hadi kwa matajiri wa katikati ya mji. Mwaka 2002 Obama akapita bila kupingwa, na 2004 akachaguliwa kwenda Washington. Kiti akapewa Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye mwaka 2019 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois, akampisha Robert Peters. Ona maajabu: wote watatu waliingia bila mchujo wenye mpinzani. Mmoja kwa saini za wenzake kukatwa, wawili kwa kuteuliwa na viongozi wa chama kujaza nafasi.

Jioni nikamtumia mshikaji ujumbe wa sauti, nikamweleza yote. Alichelewa kujibu. Kisha akaandika: "Kwa hiyo mimi nilikosa mwandiko au nilikosa wakili?" Sikuwa na la kumwambia. Kesho yake akaandika tena: "Picha naiacha. Ila fomu ya safari ijayo utanisomea wewe."

Tulivyorudi kituoni, yule dada wa saini alikuwa bado pale, pua imekuwa nyekundu kwa baridi. Mama mdogo amekuwa raia miaka mingi na huwa anapiga kura ya Rais tu. Hivi vingine anaviita vijiuchaguzi. Alisimama. Akauliza mgombea ni nani na anataka nini, dada akaeleza. Mama mdogo akavaa miwani, akasoma karatasi juu mpaka chini, treni ya kwanza ikatupita. Akaandika anwani yake yote bila kufupisha, akatia saini ndefu kama ya mwalimu mkuu.

"Hii," akaniambia akirudisha kalamu, "waje waikate niwaone."

Haya msomaji wangu, tukutane wiki ijayo. Na kama mtaani kwenu kuna fomu ya kujaza, isome mara mbili.