Kijitabu cha Motokaa

Kila motokaa itokayo kiwandani huja na kijitabu chake. Hutiwa katika kikasha kilicho mbele ya abiria, na aghalabu hukaa humo, hakijafunguliwa, mpaka motokaa iuzwe au ife. Walioiunda motokaa husema humo kwa lugha kavu: oili ibadilishwe baada ya mwendo huu, chujio la hewa baada ya mwendo ule, plagi zisiguswe kabla ya mwendo fulani. Hamna maneno matamu wala ya kutisha, na labda hiyo ndiyo sababu ya kukosa wasomaji.

Mama mmoja, mzaliwa wa Tanga, aliyekaa miaka mingi mjini Columbus katika jimbo la Ohio, Marekani, akiwatunza wazee majumbani mwao, hakuwahi kukifungua chake mpaka gari lake lilipotimiza maili 30,000, yaani kilomita 48,000 hivi. Siku hiyo alilipeleka likabadilishwe oili kwa wakala aliyemuuzia. Akakaribishwa kahawa, akaketi. Baada ya nusu saa alijiwa na kijana nadhifu, mwenye adabu, aliyeshika karatasi iliyopigwa chapa. Kijana alimweleza kwamba gari la umri ule lahitaji kusafishwa njia za petroli, kuoshwa injini kwa ndani, kubadilishwa oili ya giaboksi na oili ya usukani, na kutiwa naitrojeni katika matairi. Jumla ya gharama ilikaribia ujira wake wa wiki nzima. Akadokeza pia kwamba dhamana ya gari yaweza kuingia mashakani kama kazi hizo zitaachwa.

Mama aliomba nafasi, akatoka nje, akampigia simu mtoto wa kaka yake, fundi wa magari kule Tanga.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Wanataka kubadilisha oili ya usukani.”

Kijana wa Tanga aliuliza aina ya gari na mwaka wake, kisha akanyamaza kidogo. “Shangazi, gari hilo halina oili ya usukani. Usukani wake wasaidiwa na mota ya umeme. Sasa watamwaga nini?”

Alirudi ndani akalipia oili ya injini peke yake. Yule kijana hakubisha. Alitabasamu, akaikata mistari mingine kwa kalamu kama mtu aliyezoea kukataliwa.

Je, alikuwa mwizi? Huenda hata hakujua. Karatasi yake ilichapwa kabla gari halijafunguliwa boneti. Iliandikiwa maili, haikuandikiwa gari. Faida ya kuuza gari jipya ni nyembamba, na mawakala wengi wa Marekani hutegemea karakana kwa sehemu kubwa ya pato lao. Mpokeaji wa wateja aghalabu hulipwa kwa kadiri ya kazi alizouza. Fundi naye mara nyingi hulipwa kwa saa zilizokadiriwa kitabuni kwa kila kazi, si kwa saa za ukutani. Mtu aliyewekwa mahali hapo hahitaji moyo mbaya ili aseme neno moja zaidi. Ama lile la dhamana, sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1975 humkataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwa sharti la kazi kufanywa na wakala wake kwa malipo. Naitrojeni nayo imo tele katika hewa ya bure, sehemu 78 katika kila 100.

Mwaka 1973 wanauchumi wawili, Michael Darby na Edi Karni, waliandika juu ya huduma ambazo mnunuzi hawezi kuzipima hata baada ya kuzinunua. Alaye embe hujua kama ni tamu. Aliyesafishiwa njia za petroli huondoka na gari linalokwenda, kama lilivyokuwa likienda alipoingia. Mwaka 1992 serikali ya jimbo la California ilizishtaki karakana za kampuni ya Sears baada ya wapelelezi wake kujifanya wateja. Katika safari 38, mara 34 waliuziwa kazi zisizohitajiwa. Kampuni ilikiri makosa, ikaacha kuwalipa wapokeaji wake kwa kadiri ya mauzo. Dawa waliyoichagua yaonyesha walijua ugonjwa ulikuwa wapi.

Usiku ule mama alikisoma kijitabu. Kazi nyingi za ile karatasi hakuziona. Lakini aliona safu mbili: moja ya matumizi ya kawaida, nyingine ya matumizi magumu, kama vumbi, kukokota mizigo, na safari fupi fupi katika baridi kali. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi yake, nyumba hata nyumba wakati wa theluji, injini haijapata moto ikazimwa. Kumbe kwake oili yapasa kubadilishwa mapema, na hilo hakuna aliyemwambia. Kijitabu chenyewe nacho si msahafu. Mtengenezaji hupenda gari lake lionekane halina gharama; wako wanaosema oili ya giaboksi ni ya maisha, ilhali waundaji wa magiaboksi hushauri ibadilishwe. Pengine mstari mmoja kati ya ile iliyokatwa ulikuwa na haki.

Majira ya baridi yaliyofuata alirudi pale kwa oili. Kijana yule yule alimwambia pedi za breki za mbele zimekwisha. Mama alicheka, akamwambia hata usukani uliwahi kuwa na oili. Kijana akarudia, safari hii bila tabasamu. Mama akalipa oili, akaenda zake.

Wiki tano baadaye, akimpeleka mgonjwa hospitali, alikanyaga breki akasikia chuma kikisaga chuma. Walifika salama. Diski zote mbili za mbele ziliharibika, na gharama ikapita maradufu ile aliyotajiwa.

Kazi hiyo aliipeleka kwenye karakana ndogo karibu na kwake. Kabla ya kulipa aliomba aonyeshwe pedi kuukuu na pedi mpya. Fundi aliifuta ile kuukuu kwa kitambaa, akaziweka zote mbili juu ya kiganja chake, naye akazitazama kwa muda mrefu.