Neno Moja Lililokosekana Kwenye Kadi

Sisi wauguzi tumezoea kuwauliza wagonjwa maswali. Uliumia lini? Wapi? Ukifanya nini? Lakini mwezi wa Machi 2022 aliyeumia alikuwa baba wa watoto wetu, nasi hatukuandika lolote.

Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ijumaa hiyo, katika karakana moja hapa Nakuru, alikuwa amemaliza kuchomelea lango. Akainua ngao ya uso ili agonge lile ganda gumu linalobaki juu ya chuma, na kibanzi cha moto kikamrukia jicho la kulia. Wenzake walimshauri aweke kipande cha kiazi, kama mafundi wengi wafanyavyo. Sisi, pamoja na diploma yetu, tulidhani macho yameunguzwa na mwanga tu, jambo ambalo kwa kawaida hupoa baada ya siku moja au mbili. Tukamtia dawa ya matone, tukamwambia alale.

Jumapili, tuliporudi kutoka zamu yetu ya kuwafundisha watoto kanisani, tulimkuta hawezi hata kutazama dirisha. Jumatatu hospitali ilitoa kibanzi, lakini kidonda kilikuwa kimekwisha kuanza kwenye konea. Kadi ikaandikwa: "Kitu jichoni." Tuliisoma wenyewe, tusione kilichokosekana: neno "kazini".

Kidonda kilipona, kikaacha kovu. Mwajiri alilipa juma la kwanza, kisha akanyamaza. Tulipomwendea alitoa hoja tatu: huyu ni kibarua asiye na mkataba, aliinua ngao mwenyewe, na huenda aliumia nyumbani. Tukapeleka madai ofisi ya leba. Baada ya miezi kadhaa jibu likaja: madai yamekataliwa, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba aliumia kazini.

Usiku huo chakula kilipoa mezani. "Mama watoto, si wewe ndiye nesi?" aliuliza polepole. Hatukuwa na jibu. Mzee mmoja wa kanisa alitushauri tusamehe na kuyaacha. Tulimheshimu, na tukaomba tuondolewe uchungu. Lakini karo ilikuwa inadaiwa, na kumsamehe mtu hakufuti anachodaiwa.

Tulirudi ofisi ya leba. Ofisa mmoja, binti mdogo kwetu, alituambia, "Mama, barua hii si mwisho. Tazama tarehe yake." Kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi anaweza kuweka pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 60. Mkurugenzi hujibu ndani ya siku 14, na asiyeridhika bado ana siku 30 za kukata rufani katika mahakama ya kazi. Sisi tulikuwa tumebakiwa na siku 19.

Hoja za mwajiri nazo zikaanza kupungua nguvu. Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo. Na kosa dogo la mfanyakazi aliye kazini si utovu wa nidhamu wa makusudi ambao sheria inautaja. Iliyobaki ilikuwa hoja ya mahali. Tulikusanya ujumbe wa simu wa malipo ya kila Jumamosi. Mwenzake mmoja, ingawa aliogopa kupoteza kibarua, aliandika alichokiona. Daktari aliyetoa kibanzi alirudia kumbukumbu zake, akaandika ripoti kamili kwamba kilikuwa kibanzi cha chuma.

Pingamizi lilikubaliwa. Daktari alipima upungufu wa jicho, na fidia ikalipwa. Karo ililipwa. Jicho halikurudi, hadi leo huona kama mtu atazamaye kupitia ukungu. Kazi ya vipimo vidogo amewaachia vijana, nao huwagombeza kila siku wavae miwani ya kioo cheupe ndani ya ngao, ili ngao ikiinuliwa macho yasibaki wazi.

Akina mama wenzetu, mume au mtoto akirudi jioni amefunika jicho, msianze na kiazi, wala na dawa ya kabatini kama tulivyofanya sisi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na kabla ya kuondoka someni kadi: imesema aliumia wapi na akifanya nini? Mwajiri aarifiwe mara moja. Naye anatakiwa kuripoti ajali ndani ya siku 7. Asipoarifiwa ndani ya miezi 12, haki inaweza kupotea. Na barua ya kukataliwa ikija, msiilalie.

Wodini kwetu sasa hakuna anayepita bila kuulizwa swali la tatu. Tunaliuliza kwa sauti, kisha tunaliandika.