Wachoraji wa Mfangano

Ukitaka kuona uchoraji mkongwe wa Nyanza Kusini, usiishie mjini Homa Bay. Shika barabara ya Mbita, ziwa likiwa mkono wako wa kulia, kisha panda boti ya kwenda Mfangano. Boti hizo hubeba kila kitu: magunia ya unga, magodoro, kuku, wanafunzi wanaorudi nyumbani. Ukishakipita kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, mlima wa Mfangano unakujia mzimamzima, kijani kibichi juu ya maji.

Michoro iko Mawanga na Kwitone, kwenye mapango mafupi ya mlimani. Ni maduara ndani ya maduara, mekundu na meupe, mengine yakitoa miale pande zote mithili ya jua la asubuhi. Sogea karibu utazame ukingo wa rangi. Mchoraji hakubahatisha: mstari umezunguka na kurudi pale pale ulipoanzia, juu ya jiwe lenye mabonde na vinundu. Huo ni mkono uliofunzwa.

Inaaminika waliochora ni Batwa, wawindaji walioishi hapa kabla ya Wasuba kuhamia kisiwani. Maduara ya namna hiyo yako pia Kakapel, kule Busia, na Nyero, mashariki mwa Uganda. Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha kwamba kulikuwa na walimu na wanafunzi, na somo likavuka nchi nzima bila daftari. Wasuba walipokuja hawakuifuta michoro. Waliiheshimu, na Mawanga pakawa mahali pa kuombea mvua.

Migori nako kulikuwa na mafundi wa aina hiyo. Kilomita 46 kutoka mjini ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa yapata karne ya 16 kwa mawe matupu, bila udongo wala saruji, na bado zimesimama, kwingine zikizidi mita 4. UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Michoro ya Mfangano nayo, kwa maoni yangu, inastahili macho mengi kuliko inayopata sasa.

Nenda basi, lakini nenda na mwongozaji wa kisiwani, umlipe vizuri. Usiiguse rangi, usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, wala usiandike jina lako ukutani. Waliochora hawakuandika yao.