Gurudumu Lisilolaumiwa

Katika viungo vyote vya gari hapana kipatacho sifa haba kama breki. Watu hustaajabia mwendo. Kusimama hakukumbukwi mpaka siku kunapokosekana. Tena kusimama kwenyewe kuna namna mbili. Gari laweza kusimama sawasawa, au likasimama huku limegeuza uso upande, kama mtu akubaliye kwa kinywa na kukataa kwa mabega. Ugonjwa huu wa pili ndio ulioipata Peugeot 504 ya mwalimu mmoja mstaafu wa Lushoto.

Aina ya gari hilo ilianza kuuzwa mwaka 1968, na wazee wa Afrika Mashariki waikumbuka kwa Safari Rally, ambayo ilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Mwalimu hakuwa na haja na sifa hizo. Alilirithi gari kwa kaka yake likiwa limekwisha zeeka, akalitunza, na kila mwezi alimpeleka mkewe hospitali tambarareni kwa barabara ile ya nyoka iteremkayo kutoka Lushoto kupita Soni mpaka Mombo. Penye kona nyingi za njia hiyo jabali li upande mmoja na bonde li upande wa pili, na malori yaendayo kupakia kabichi hupanda kwa kunguruma.

Asubuhi moja, konani, lori lilitokeza. Mwalimu alikanyaga breki, na gari, badala ya kupunguza mwendo katika mstari wake, likaelekea kulia, yaani kwenye uso wa lori. Aliondoa mguu kwa hofu. Lori lilipita kwa nafasi ya kiganja. Mkewe hakupiga kelele. Walipofika Mombo alisema tu, “Baba Saidi, kurudi nitapanda basi.”

Mwalimu hakuwa na shaka juu ya mkosaji. Gari limevuta kulia, basi gurudumu la kulia ndilo lenye kasoro. Na majuma matatu nyuma fundi mmoja kijana, aliyepata kuwa mwanafunzi wake, alikuwa amebadili pedi za mbele. Alimwendea gerejini, akamwambia mbele ya wateja kuwa ametia pedi hafifu na kula tofauti ya bei. Kijana alifuta mikono yake kwa kitambaa, akasema, “Mwalimu, niruhusu nilitazame la kushoto.” Neno hilo lilionekana kuwa hila, likaongeza hasira. Gari likapelekwa kwingine, na huko zikabadilishwa pedi za kulia peke yake. Hili nalo lilikuwa kosa, maana pedi hubadilishwa kwa jozi, kulia na kushoto pamoja. Fedha ilikwenda, gari likaendelea kuvuta kulia.

Ajabu ni kuwa mtu huyu alikuwa amefundisha sayansi kwa miaka mingi. Mara ngapi alichora ubaoni kanuni ya Blaise Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17, kuwa msukumo juu ya kimiminiko kilichofungiwa huenea kila upande kwa kadiri moja! Breki za gari lake zilifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Mguu husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni, pistoni hubana pedi juu ya diski. Magurudumu mawili ya mbele yapaswa kubanwa sawa kwa wakati mmoja. Moja likichelewa, lile litiilo amri ndilo huvuta gari upande wake. Basi gari livutapo kulia wakati wa kusimama, aghalabu mgonjwa ni wa kushoto, na wa kulia hulaumiwa kwa kutimiza wajibu wake.

Hayo yalimjia siku ya pili ya kukaa nyumbani bila gari. Alianza na yasiyo na gharama. Alipima upepo wa matairi, yalikuwa sawa. Aliinua gari kwa jeki, akayatikisa magurudumu kutafuta bushi zilizolegea, hapana. Kisha aliliendesha polepole katika uwanja wa mpira, akisimama mara kwa mara, akashuka na kukaribisha kiganja chake kwenye kila gurudumu. La kulia lilikuwa na uvuguvugu. La kushoto lilichoma.

Hapo alipigwa na bumbuazi. Gurudumu lisilofunga breki limepataje moto kuliko lile lifungalo? Ndipo alipokumbuka jambo aliloliona barabarani na kulipuuza: alipoondoa mguu, gari lilikuwa limejivuta kushoto lenyewe. Gurudumu lile lilichelewa kushika, na likishika lilichelewa kuachia. Pistoni iliyokwama kwa kutu yaweza kufanya mfano wa hayo, kwa hiyo hapana budi kuzitenga sababu hizo mbili.

Aliinua tena gari, mjukuu wake akakanyaga na kuachia. Gurudumu la kulia likawa huru. La kushoto likabaki limekazwa. Mwalimu alifungua kidogo skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa: mafuta yakaruka, gurudumu likalegea. Pistoni, basi, haikukwama. Msukumo ndio uliofungiwa. Akaifunga skrubu, mjukuu akakanyaga tena na kuachia, na safari hii akalegeza kiungo kilicho juu ya mpira wa breki, unapokutana na bomba la chuma. Gurudumu halikulegea. Kizuizi kilikuwa ndani ya mpira.

Aliung'oa, akaukata. Kwa nje ulikuwa mzima. Kwa ndani, uzee ulikuwa umeuvimbisha hata tundu lake halikupitisha njiti ya kiberiti. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa: yale ya daraja la DOT 4 huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakisha kunywa maji kipimo hicho chaweza kushuka mpaka 155, na mteremko wa Soni si mahali pa kuyachemsha.

Jumamosi, saa ya wateja wengi, Mwalimu alikwenda gerejini kwa miguu, amefunga kipande cha mpira katika gazeti.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Lilikuwa la kushoto.” Alilisema kwa sauti ile ile aliyotumia siku ya kwanza.

Kijana aliuchungulia mpira kwenye mwanga. “Tubadilishe yote miwili,” alisema, “na mafuta tuyamwage yote.” Akataja bei, ile ile atozwayo kila mtu, na Mwalimu akailipa bila kuomba punguzo.

Mwezi ule mkewe alipanda basi. Mwezi uliofuata alikaa kiti cha mbele, mkono wake umeshika mlango mpaka Soni.