Kuni za Siyu



Mwezi wa Januari, upepo wa kaskazi ukivuma, nilipanda boti kutoka Lamu hadi Mtangawanda, kisha nikaenda Siyu kumzuru dada yangu mkubwa. Watu huisifu Siyu kwa ngome yake iliyo kando ya mkono wa bahari, na kwa mafundi wake wa ngozi. Mimi nilichokiona kwanza ni moshi mzito uliotanda jikoni mwa dada, naye amejiziba pua kwa leso, macho mekundu, akikohoa.

"Kuni ni mbichi, ndugu yangu," alisema, "lakini watu wale nini?"

Nilitahayari. Kila mwezi nilikuwa nikimtumia pesa za kuni, nikadhani nimetimiza wajibu. Kumbe muuzaji humletea magogo yaliyokatwa juzi, naye hana budi kuyatia motoni siku ya pili. Kuni ya namna hiyo huumaliza moto kwa kukausha maji yake kwanza, na mpishi akabaki na moshi.

Kesho yake, baada ya Swala ya Alfajiri, nilitwaa shoka pamoja na mjukuu wake. Kijana alilipiga gogo la mwembe katikati kwa nguvu zote, shoka likanasa. Nikamwonyesha: tafuta ufa ulioko kichwani mwa gogo, uufuate huo, gogo nene lianze pembeni, penye kifundo pawe mwisho. Gome huyazuia maji yasitoke, ndiyo maana kuni iliyochanjwa hukauka mapema kuliko gogo zima.

Tulijenga uchaga juu ya mawe ili kuni zisiguse ardhi, tukazipanga kwa kupishana upepo upate kupita. Juu tuliezeka makuti, pande tukaziacha wazi.

"Babu, tutajuaje kuwa zi tayari?" aliuliza.

"Zitakuwa nyepesi, ncha zake zitafanya nyufa, na ukigonganisha mbili zitalia kwa sauti kali."

Nilirejea mwezi wa Aprili, mvua za masika zimeanza. Dada alikuwa ameketi mbele ya mafiga, uso wazi, moto ukiwaka safi. Kikohozi hakijamwisha, moshi wa miaka mingi hautoki kifuani kwa msimu mmoja.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Ndugu zangu wanaume, kaskazi haingoji mtu. Kabla haijapita, tuingie jikoni tukatazame ni nani anayevuta moshi wa chakula chetu.