Mahindi ya Kando ya Mto

Ukipata nafasi Jumapili moja, panda matatu ya Kangemi, ushuke, kisha uteremke bondeni hadi Mto Nairobi. Utafurahi kuona mahindi, nduma na sukuma wiki zilizostawi hata wakati wa kiangazi. Lakini wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mto huu huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Wamaasai waliyasifu maji yake kwa ubaridi, na jiji letu likapata jina hapo. Ukiufuata kupitia Chiromo na Museum Hill hadi Globe, utaona jinsi maji yanavyozidi kuwa meusi. Mitaro ya mitaa humwagika humo. Kule Grogan, kando ya Barabara ya Kirinyaga, mafundi walifungua injini na betri kwa miaka mingi karibu na ukingo.

Uchafu wa choo huoza. Risasi na kadimiamu, madini yatokayo kwenye betri, rangi na vyuma, hayaozi. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka wa 2006, lakini risasi iliyoangukia udongo wa kando ya barabara hukaa humo makumi ya miaka.

Je, madini hayo hufikaje kwenye sahani yako? Mmea huyanyonya kwa mizizi, na vumbi lenye risasi hutua juu ya majani. Mboga za majani kwa kawaida hubeba risasi nyingi kuliko punje za mahindi. Kadimiamu nayo hupanda kwa urahisi zaidi, hata kwenye nafaka. Huko Japani, katika bonde la Mto Jinzu, watu waliokula mchele wa mashamba yaliyopata maji ya mgodi walivunjika mifupa kwa maumivu makali. Serikali yao ilikiri chanzo chake mwaka wa 1968.

Watoto ndio huumia zaidi, kwani risasi hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Tusimlaumu mkulima wa bondeni. Naye anatafuta karo. Kama wewe ndiwe mkulima, peleka udongo wako ukapimwe katika maabara ya KALRO, Kabete. Udongo wenye asidi ukitiwa chokaa na samadi, mimea hunyonya madini kidogo. Mboga za majani zipande mbali na barabara na maji machafu.

Nawe mnunuzi, osha mboga kwa maji mengi, ila ujue kwamba hayo huondoa vumbi tu. Kilichokwisha kuingia ndani ya jani hakitoki chote hata ukichemsha. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, muulize mama mboga: "Hii imetoka shamba gani?"